Vyuma Vilivyotoka Mguuni kwa Baba

Siku ile tulikuwepo mimi Kabula, mdogo wangu Masanja mwenye ndoano mfukoni, na kitinda mimba wetu Milembe aliyekataa katakata kubaki nyumbani. Alikuwepo Mzee Ndaki, mwenyekiti wa wazee wa kigango chetu cha Mabatini, na katekista wetu Yohana. Alikuwepo Mama Tereza, jirani aliyenifundisha kukaanga mapanki. Alikuwepo Koplo Lutema, niliyekuwa nimemfuata ng'ambo, Kamanga, akaja amevaa koti la suti juu ya kaptula. Na baba alikuwepo pia, ingawa tulikuwa tumeshamzika, kwa sababu mabishano yote yalikuwa juu yake: je, baba yetu alikufa vitani, au hakufa vitani?

Enzi zetu Mabatini, ninyi mliokulia pale mtanishuhudia, mawe ndiyo yalikuwa uwanja wetu. Nyumba zilikaa juu ya mawe na chini ya mawe, na kwa jirani yetu mmoja jiwe lilikuwa sebuleni kabisa, mgeni akija anakaribishwa alikalie. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Wakubwa walikuwa bado wanasimulia foleni za sabuni, na sisi tunaona kila kibaraza kina duka, na mitumba inamwagwa chini kama mahindi. Sketi yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa na tiketi ya treni mfukoni, ya nchi nisiyoijua, nikatamba nayo mtaa mzima kana kwamba nimesafiri.

Mchezo wetu mkubwa uliitwa Kagera. Tuligawana pande mbili, tukarushiana vidonge vya udongo kutoka jiwe hadi jiwe. Ukipigwa umekufa, unalala pale ulipo hata kama ni juu ya siafu. Vita viliisha pale mama wa kwanza alipotoka mlangoni kuita watu wakale, kwa hiyo urefu wa vita vyetu ulikuwa ni urefu wa ugali kuiva. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuna aliyetaka kuwa adui. Ikawekwa sheria kwamba mtoto ambaye kwao kuna mtu aliyekufa kwenye vita vyenyewe, vile vya kweli, ndiye jemadari. Mjukuu wa Mzee Ndaki alikuwa jemadari siku zote, maana mjomba wake alikwenda Kagera na hakurudi. Sisi baba yetu alikwenda, akarudi. Kwa hiyo tulikuwa adui.

"Baba yenu yupo, anaziba pancha!" walitupigia kelele. "Mtakuwaje mashujaa?"

Na kweli alikuwa anaziba pancha. Baba alikuwa fundi baiskeli karibu na stendi ya Buzuruga, chini ya kibanda cha mabati mawili. Alikwenda vitani na mgambo mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akarudi na mguu wa kushoto uliojaa vipande vya bomu. Madaktari walitoa walivyoviona. Vilivyobaki vilikuwa na safari yao wenyewe. Vilitembea humo mguuni polepole, na kila baada ya muda kimoja kilikaribia ngozi, kikavimba kama jipu. Hapo baba alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akachoma koleo lake la spoku kwenye jiko la mkaa, akauma kipande cha tairi, akakivuta. Sisi tulisimama pembeni tumeshikana mikono. Kikitoka, alikiosha, akakiangalia kama mtu anayeangalia jino la mtoto, halafu akasema:

"Haya, nani anakwenda ziwani?"

Maana baba ndiye aliyegundua kwamba vyuma vile vilikuwa na uzito mzuri wa kuzamishia ndoano. Alivifunga kwenye mshipi kwa raba nyembamba ya tyubu, fundo la ufundi wake, halikufunguka. Watoto wengine walitumia vijiwe vikachomoka. Sisi tulitumia Kagera. Tulishuka ziwani asubuhi ya Jumamosi, tukakaa juu ya mawe yaliyopata joto, harufu ya magugumaji na dagaa waliotandazwa juani inatujaa puani, na ndoano zetu zikazama kuliko za watu wote. Ngege, furu, mara moja hata kambale aliyemshinda nguvu Masanja akamburuta hadi magotini majini. Mshipi ukikatika kwenye mawe ya chini, chuma kimekwenda. Tulirudi na samaki, tukamwambia baba tumepoteza kimoja, naye akajipapasa mguu: "Msijali, ghala halijaisha."

Shuleni mwalimu wa historia alitufundisha kwamba vita vya Kagera vilichukua miezi kadhaa tu, jeshi letu likashinda. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu bado." Darasa zima likacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka, ingawa hakuwa mtu mbaya. Nilipomwambia baba, nilitegemea angekasirika. Alikuwa ameshika gurudumu, analizungusha aone limenyooka wapi limepinda wapi.

"Mwalimu amesema kweli," akasema. "Vita vya serikali viliisha. Sisi tuliimba, tukapanda malori, tukapigiwa vigelegele njia nzima. Hivi vingine ni vyangu."

Habari za mapigano hakuzipenda. Alikuwa na hadithi moja tu ya vita, na ilikuwa inamuudhi mama. Kila tulipopita kwenye maduka ya khanga, baba alisimama, akashika doti moja na kusema, "Hii ingemfaa yule bibi. Nina deni la khanga ng'ambo ya mpaka."

"Huyo bibi wa ng'ambo ana jina?" mama alimuuliza, mkono kiunoni.

"Sikumuuliza."

"Umevaa khanga ya mtu, jina hukumuuliza?"

"Sikuivaa, Mama Kabula. Nilifungwa nayo. Na nilikuwa nalia."

Alimwahidi bibi huyo, ndivyo alivyosema, kwamba atamrudishia. Hatukuelewa zaidi, na mama alivuta mdomo hadi tunafika nyumbani.

Mama alitangulia kufa, kwa homa iliyomchukua haraka. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule Ijumaa, Jumatatu nikawa nimekaa na Mama Tereza mbele ya karai la mafuta, nageuza mapanki. Mnayakumbuka mapanki? Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na kichwa na uti wa mgongo, tukaukaanga hadi ukawa mwekundu na kuliwa na mifupa yake. Watoto wa siku hizi ukiwawekea samaki mwenye mwiba mmoja wanaita kikao cha familia. Sisi tulikula mwiba wenyewe, tukaomba mwingine.

Kisha mguu wa baba ukakataa. Chuma kimoja kilitoka kama kawaida, lakini safari hii kidonda hakikufunga. Kilivimba, kikanuka, homa ikampanda, na daktari akasema sumu imeshaingia kwenye damu. Alikufa akiwa na akili zake, amemshika Masanja kidole. Chuma kile cha mwisho alikuwa ameshakifunga kwenye mshipi kwa mkono wake, akiwa kitandani.

Sasa nieleze desturi ya kigango chetu, maana ndiyo iliyotuleta kwenye mabishano. Mara moja kwa mwaka, Jumapili tuliyoiita ya mashujaa, ibada ikiisha katekista alitoka nje, akasimama kwenye ngazi, akaita majina ya watu wa mtaa wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Aliyaita moja moja, kwa sauti ya mahudhurio ya shule. Familia ya aliyeitwa ilisimama na kujibu kwa pamoja: "Yupo kwetu!" Asiyekuwa na familia karibu alijibiwa na kigango kizima, asibaki jina hewani. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikalia. Hakuna sikukuu niliyoipenda kama ile, hata Krismasi.

Mwaka ule baba alipokufa, Milembe alijiandaa. Alikuwa mdogo, miguu imejaa vumbi, meno ya mbele hayapo. Hakuna aliyemwambia kitu, alijipangia mwenyewe: baba alipigwa bomu vitani, baba amekufa, basi ataitwa. Majina yalipoanza, alisimama juu ya benchi, mdomo wazi, amevuta pumzi. Majina yakaisha. Ngoma ikalia. Yeye bado amesimama, ile pumzi bado ameishika.

"Dada," akaniambia tukirudi, "wamemruka."

Nilikuwa nimezika wazazi wawili bila kuanguka mbele za watu. Siku ile nilitaka kuanguka. Nikamwambia mwakani hawatamruka, na neno likishatoka kwangu kwenda kwa wadogo zangu lilikuwa kama nimelitia sahihi.

Nilipowaomba wazee wakakataa, ndipo nikavuka kwenda Kamanga kumtafuta Koplo Lutema, aliyekuwa na baba vitani. Nilimkuta analima viazi. Alikuwa amepoteza sikio moja kwa mizinga, kwa hiyo alizungumza kama anaita mtu wa upande wa pili wa ziwa.

"Wewe ni wa fundi? Una paji lake la uso! Nani kamnyima?"

"Wazee wa kigango, babu."

"Wanasemaje?"

"Wanasema alikufa kitandani."

Akachomeka jembe ardhini. "Ngoja nivae koti."

Basi tukakutana, Jumamosi mchana, siku moja kabla ya kuitwa majina, kwenye benchi za nje ya kigango. Tuliamkia wazee, tukaitikiwa. Mzee Ndaki hakupoteza muda.

"Kabula, mama, sisi hatukuchukii. Baba yako alikuwa mtu mwema, baiskeli yangu mimi aliitengeneza. Lakini vita viliisha. Watu walirudi, tukawapokea. Tukianza kuhesabu kila aliyewahi kuwa askari akifa uzeeni, tutaita majina hadi jioni."

"Hakufa uzeeni," Mama Tereza akadakia. "Wazee nyie mnabania hata kifo!"

"Tereza, umeitwa hapa?"

"Sijaitwa. Nimekuja."

Koplo Lutema akasimama, akaanza kutoa ushahidi kwa sauti iliyowatoa kuku vichakani. Alisema bomu liliwakuta wakivuka shamba la migomba, upande wa pili wa mpaka. Walimburuta baba hadi kwenye nyumba ya bibi mmoja. Bibi yule aliwatazama, akatazama damu, akavua khanga yake ya juu akaichana, akamfunga baba mguu kuanzia pajani. Mwanawe wa kiume alikuwa askari wa jeshi lile walilokuwa wakipigana nalo. Alikuwa ameondoka, na bibi hakuwa na habari zake. "Akatuuliza kama tumemwona!" Koplo akapaza sauti. "Anamfunga huyu, huku anatuuliza kama tumemwona wake! Tukasema hapana. Tungesema nini?"

Nilimtazama Masanja, naye akanitazama. Kumbe ndiyo ile khanga. Miaka yote mama amevuta mdomo kwa ajili ya bandeji.

Mzee Ndaki alikuwa ameinama. Alipoinua uso, sikuona hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikilizeni," akasema. "Baba yenu alirudi. Kabula, alikukuta unatembea. Huyu Masanja alizaliwa baada ya vita. Na huyu mdogo baada ya huyo. Alikula ugali wake, alicheka, alikufa ameshikwa mkono. Wangu alikwenda akiwa na miaka ya kuoa. Sikupata hata kifungo cha shati lake. Nikiweka jina la baba yenu pamoja na lake, nitakuwa nimemwambia mwanangu kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja."

Hata Mama Tereza alitazama pembeni. Mimi nilikuja nimejiandaa kubishana na mzee mkaidi, na mbele yangu alikaa baba wa mtu. Nikasema lililokuwa moyoni tu.

"Babu, hatusemi ni kitu kimoja. Wako vita vilimchukua mara moja. Wetu vilimchukua kidogo kidogo, sisi tukiona. Havikuisha hadi alipoisha yeye."

"Una nini cha kuonyesha?" akauliza, kwa upole.

Hapo ndipo tulipokwama. Vyuma vyote vilikuwa ziwani, chini ya mawe, vimeshikwa na magugumaji. Lakini Masanja akatia mkono mfukoni, akatoa mshipi wake na kuuweka kwenye benchi mbele ya wazee, na ndoano yake, na magamba ya samaki, na ile harufu. Mwishoni, katikati ya raba ya tyubu, kilikuwepo chuma cheusi, kikubwa kama punje ya hindi.

"Hiki ndicho kilichomuua," akasema. "Vingine tumevulia vikapotea. Alitupa yeye mwenyewe."

Mzee Ndaki akakichukua. Akakipima kiganjani muda mrefu.

"Mlivulia samaki?"

"Ndiyo, babu."

"Mkapata?"

"Ngege," Milembe akasema haraka, akidhani ndiyo mashitaka yenyewe. "Na furu. Na kambale mmoja alimvuta Masanja akalia."

"Sikulia!"

Mzee Ndaki akacheka. Naapa sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Kilikuwa kicheko kikavu, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, na machozi yalikuwa yanashuka humo humo. Akamrudishia Masanja mshipi wake, akavifunga yeye mwenyewe vidole vya mtoto juu yake.

"Yohana," akamwambia katekista, "kesho umwite fundi. Lakini umwite baada ya wangu. Wangu alitangulia."

Jumapili ile! Nilimkaanga Milembe nywele kwa kitana cha moto hadi akanuka kama duka la saluni. Masanja alivaa shati la baba, mikono imekunjwa mara tatu. Koplo Lutema alilala kwetu na kukoroma mtaa mzima, asubuhi akavaa koti lile lile juu ya suruali ya kuazima. Katekista alisimama kwenye ngazi, akaanza. Tulisikia jina la kijana wa Mzee Ndaki, tukamsikia mzee akijibu, "Yupo kwetu!" kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu wa umri wake. Halafu katekista akavuta pumzi na kusema jina la baba, na kabla hajafika nusu Milembe alikuwa ameshapasua anga.

"YUPO KWETUUU!"

Watu wakacheka, wakaanza kupiga vigelegele hata kabla ya zamu yake. Katekista akarudia jina kutoka mwanzo, kwa utaratibu, na safari hii tulijibu watatu, na Koplo nyuma yetu kama mzinga, na nikasikia sauti ya tano, ya kiume, pembeni. Ilikuwa ya Mzee Ndaki. Ngoma ilipolia nilicheza. Mimi, muuza mapanki mwenye alama za mafuta mikononi, niliyeacha shule darasa la sita, nilicheza pale uwanjani kama bibi harusi, kwa sababu niliahidi na nimetimiza. Mchana tulikula ngege waliovuliwa na chuma kile kile, na jirani zetu wote wakala. Jioni mjukuu wa Mzee Ndaki alikuja mlangoni kwetu, akamwambia Masanja, "Njoo. Leo wewe jemadari." Masanja akamjibu hataki, leo anataka kuwa adui, tuone kama watamweza.

Siku hizi mawe ya Mabatini yamejaa nyumba, hakuna pa kurushiana udongo. Wanangu wanapigana vita kwenye simu, wamejilaza kwenye kochi. Nikiwauliza vipi, wananiambia wamekufa mara sita na bado wanaendelea. Wakimaliza wanazima. Sisi tulikuwa tukifa tunalala juu ya siafu, na angalau tulijua kufa kunauma. Nimewaambia habari za babu yao na mguu wake. Mmoja akaniuliza, "Mama, hiyo vita ilichukua muda gani?" Nikamwambia inategemea unamuuliza nani. Akasema atatafuta kwenye simu. Haya, atafute.

Masanja sasa ni fundi wa injini za mitumbwi. Milembe ni nesi, na anafunga vidonda vya watu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Koplo Lutema na Mzee Ndaki wote wamekwisha kutangulia, na kila mmoja nilimzika kama mtoto wake. Chuma kile Masanja anacho bado, hakivulii tena.

Na mimi kwenye sanduku langu la bati nina doti ya khanga, rangi ya chungwa na nyeusi, haijawahi kufuliwa. Niliinunua mwaka ule ule, kwa mauzo ya mapanki, kwa ajili ya bibi wa shamba la migomba. Mabasi ya Bukoba yanaondoka kila siku, mpaka uko wazi, watu wanavuka kununua ndizi. Jina lake sina. Huenda hayupo tena. Lakini mahali pale patakuwepo, na mtu wa kwake, na nitamuuliza kwanza kama yule mwana wa bibi alirudi. Asipokuwa amerudi, nitamuomba anitajie jina, ili nirudi nalo Mabatini, liitwe pale kwenye ngazi, na sisi tusiohusiana naye tumjibie. Khanga ile baba aliahidi kuirudisha. Bado hatujairudisha.